Namba ya Mashini Nayo Iko na Fundi

Kila siku, katika depo za njia ya Kolwezi, Kambove na Likasi, jambo hili linapita. Muchimbaji anashusha mifuko yake. Balansi inapima. Kijana wa depo anachukua unga kidogo wa mawe, anauweka mbele ya mashini ya teneri, anabonyeza, anangoja. Kisha anatazama namba, anaiingiza katika telefone ao katika ordinatere, na ordinatere inaonyesha feza. Muchimbaji akiuliza, jibu ni moja: «Hapana miye, papa. Ni mashini njo inasema.»

Hapo mazungumzo yanakufa. Na mutu unaweza kubishana. Na mashini, utabishana na nani?

Leo tunataka kusema neno juu ya jibu hilo. Mashini haisemi. Mashini inarudilia yale mutu aliandika ndani yake. Mutu yule anaitwa fundi wa programu. Yeye, sawa na fundi wa nyumba ao fundi wa moteri, iko na vyombo vyake vya kazi, iko na desturi zake, na anajua sana ni wapi kazi yake inaharibikaka. Tukijua vyombo vyake, tutajua pia nini ya kuuliza mbele ya balansi.

Kwanza, kazi yenyewe ni gani? Kuandika programu ni kuandika maagizo, mustari kwa mustari, kwa lugha ambayo ordinatere inafuata. Programu ya depo inaweza kuwa hivi: chukua kilo za balansi, toa kilo za mufuko mutupu, toa kilo za maji, zidisha na teneri, zidisha na bei, onyesha feza. Ni mistari sita. Mutoto wa shule anaweza kuielewa. Lakini ordinatere haina akili ya kusema: «Patron, hapa umekosa.» Ukiiandikia kosa, itafanya kosa ile mara elfu kwa siku, mbio mbio, bila haya.

Tuchukue mufano. Muchimbaji ameleta kilo 400 za mawe, teneri ya kobalti ni 3,9 kwa mia. Ndani ya mawe ile mna kobalti kilo 15,6. Sasa, kama fundi alichagua namba nzima tu, zile zisizo na virgule, programu inatupa ile 9 na inabakisha 3. Kobalti inakuwa kilo 12. Kilo 3 na nusu na zaidi zimepotea, karibu robo ya kazi ya mutu, na hakuna mutu aliyetia mukono ndani ya mufuko. Katika lugha nyingi za programu ni hivyo: ukigawanya 39 kwa 10 kwa namba nzima, jibu ni 3, na kinachobaki kinatupwa kimya kimya. Kila fundi anajifunza jambo hilo katika wiki za kwanza. Muchimbaji, nani amemwambia?

Vipimo navyo vinadanganya. Mwaka 1999, NASA, shirika la anga la Marekani, lilipoteza chombo Mars Climate Orbiter ambacho lilikuwa limekituma kwenye sayari ya Marsi. Programu moja ilitoa namba za nguvu ya moteri kwa vipimo vya paundi, vile Wamarekani wamezoea. Programu nyingine ilizisoma kama vipimo vya metriki, vile sisi tunatumia. Namba zilikuwa zinaonekana muzuri. Hakuna mutu aliyeuliza: hii namba, ni ya kipimo gani? Chombo kilifika karibu sana na sayari na kikapotea. Kama wakubwa wa elimu wa NASA walikosa kwa paundi na kilo, basi kijana wa depo naye anaweza kukosa. Tunasema kukosa. Hatujasema bado kuiba.

Juu ya kosa, mafundi wa programu wako na heshima moja ambayo tunaitamani kwetu: wanaliandika. Mwezi wa 9, mwaka 1947, katika chuo cha Harvard, Marekani, mashini kubwa ya hesabu iliyoitwa Mark II ilisumbua. Walipofungua, walikuta kipepeo cha usiku kimekufa ndani ya vyuma vyake. Walifanya nini? Hawakukitupa chini. Walikibandika kwenye kaye ya kazi, wakaandika saa, wakaandika na neno la kucheka kidogo kwamba sasa wamekamata mududu wa kweli. Mududu lilikuwa tayari jina la mafundi kwa kosa lolote la mashini, na mpaka leo wanaliita vile. Kaye ile iko, imechungwa katika nyumba ya ukumbusho kule Washington. Siri ya kazi yao ni hiyo: kosa lililoandikwa linaweza kutengenezwa. Kosa lililofichwa linakuwa deni ya mutu mwingine.

Chombo chao cha pili ni historia. Leo mafundi wengi wa dunia wanatumia programu moja inaitwa Git. Linus Torvalds, mutu wa Finland, aliiandika mwaka 2005 ili kuchunga kazi ya watu wengi sana wanaotengeneza Linux pamoja. Kazi yake ni kuchunga kila badiliko. Fundi akibadilisha hata herufi moja na akaiweka katika Git, inaandikwa: jina lake, siku, saa, mustari ulikuwa namna gani, sasa uko namna gani, na sababu aliyotoa. Ya zamani haifutwi. Inabaki chini, mpya inakuja juu.

Na kila badiliko linapewa namba ndefu, herufi na tarakimu 40, inayohesabiwa kutoka katika maandishi yenyewe pamoja na historia iliyotangulia. Wachimbaji wataelewa mbio. Muwaze etiketi ya mufuko ambayo namba yake inatoka ndani ya mawe. Ukitoa pele moja tu ya mawe mazuri na kuweka mchanga, namba haikubaliani tena na mufuko. Na kwa sababu kila etiketi inashika ile iliyotangulia, ukigusa mufuko wa juzi, etiketi ya jana na ya leo nazo zinakukatala. Nakala ikiwa kwa watu kumi, mumoja hawezi kubadilisha ya zamani bila wale wengine kuona. Mafundi hawakufanya hivyo kwa sababu wao ni malaika. Walifanya kwa sababu wanajua mutu anasahau, mutu anachoka, na pengine mutu anadanganya.

Chombo cha tatu ni kujaribu. Kabla ya kutoa programu, fundi mwenye akili anaipatia swali ambalo jibu lake analijua tayari. Kilo 100, teneri 2, jibu lazima liwe 2. Likitoka 1,8, kazi inasimama. Na majaribio hayo hayafanywi mara moja na kuachwa. Yanarudiliwa kila mara mustari mumoja unapobadilika, juu kutengeneza hapa kunaweza kuvunja kule.

Sasa tuulize: mutu ambaye hana kaye ya makosa, hana historia, hana majaribio, na anasema «ni mashini njo inasema», anaweza kufanya ubaya gani? Jibu liko Uingereza, na ni jibu la machozi.

Kule, Poste iliingiza programu inayoitwa Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu, kuanzia mwaka 1999. Ilifanya hesabu za vibiro vidogo vya poste vya mitaa na vya vijiji, vinavyoshikwa na watu wa kawaida, baba na mama wenye duka ndogo. Programu ilianza kusema: hapa feza imepunguka. Watu wakasema: hatujagusa. Wakajibiwa: mashini inasema. Wengi waliambiwa kwamba ni wao tu wako na shida ile, wengine wote hesabu zao ziko sawa. Walilipa kutoka mufuko wao, waliuza vitu, wengine waliingia gereza, wamoja walijiua. Kwa miaka 16 hivi, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kuwa wezi ao wadanganyifu. Na sheria ya kule ilichukua kwamba ordinatere inafanya kazi muzuri mpaka mutu aonyeshe kinyume. Lakini mutu mwenye duka ya kijiji ataonyesha kinyume namna gani, na kaye haiko kwake?

Mwishowe watu 555 walijiunga, wakapeleka Poste mbele ya tribinali. Na nini kiliwasaidia sana? Kaye. Fujitsu ilikuwa na orodha ya makosa ya programu yanayojulikana, na ile orodha ililazimishwa kutoka nje. Ilijulikana pia kwamba watu wa kampuni waliweza kuingia kutoka mbali na kugusa hesabu za kibiro bila mwenyewe kujua. Mwezi wa 12, mwaka 2019, juji alihukumu kwamba Horizon ilikuwa na makosa yenye kuweza kuleta upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Tuangalie muzuri jambo hilo. Makosa yalikuwa yameandikwa, lakini kaye ilikuwa upande mumoja tu. Historia yenye kufungwa katika kabati ya mukubwa haitoshi. Haki inaanza pale pande zote mbili zinasoma kaye moja.

Turudi kwetu. Hatusemi kila depo inaiba. Wenye depo nao wako na malalamiko, na mengine ni ya kweli. Kuna wenzetu wanaomwanga maji juu ya mawe ili yalemee. Kuna wanaoweka mawe mazuri juu ya mufuko na udongo chini. Teneri nayo inaweza kubadilika bila wizi: unga ukiwa wa chembe kubwa, ukiwa na maji, ao ukiwa haujachanganywa muzuri, mashini itatoa namba moja asubuhi na nyingine mangaribi. Basi, mwenye depo mwenye roho safi anapaswa kuwa wa kwanza kupenda historia. Itamuchunga naye.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji milima ya dola.

La kwanza, namba zionekane kwa pande mbili. Ekra ya balansi na ya mashini ya teneri isigeuzwe upande wa depo tu.

La pili, karatasi ya kila mauzo iwe na mistari yote, sio jumla peke yake: kilo za kwanza, kilo zilizotolewa na sababu yake, teneri na virgule yake, bei ya siku, saa, na jina la aliyepima. Ikisahihishwa, namba ya kwanza isifutwe. Ikatwe kwa mustari mumoja ili iendelee kusomeka, na aliyesahihisha aweke mukono wake. Ni Git ya karatasi.

La tatu, kujaribu mbele ya watu. Balansi inajaribiwa kwa maji, juu litre moja ya maji ni kilo moja. Pima bidon mutupu. Jaza ndani litre 20, ukipima kwa chupa ya litre moja. Pima tena. Kati ya namba mbili lazima kuwe kilo 20. Fanya vile na bidon tatu kwa mara moja, sababu kuna balansi inayosema kweli kwa uzito mudogo na kukosa kwa uzito mukubwa. Kwa teneri, unga uchanganywe sana na kugawanywa mafungu mawili: moja linapimwa, lingine linafungwa na kutiwa mukono wa pande zote mbili, ili wakibishana lipimwe kwingine.

La nne, kaye ya makosa, wazi kwa wote. Siku mashini ilisumbua, iandikwe. Koperative za wachimbaji ziwe na nakala. SAEMAPE, ambayo serikali iliiweka kwa kusaidia wachimbaji wa mikono, iombe kaye ile kila inapotembelea.

Na wafanyakazi wa makampuni musifikiri hii ni habari ya wachimba mikono tu. Saa zenu zinahesabiwa na kadi ya mulango. Saa za zaidi, kazi ya usiku, siku za ugonjwa, yote inapita katika programu kabla ya kufika kwenye buletini ya mushahara. Mulipotoka chini saa kumi na mbili na dakika 50, programu inaandika saa kumi na mbili ao saa moja? Muulize. Nani alichagua? Imeandikwa wapi? Delege wa wafanyakazi anayejua kuuliza swali hilo anafaa kuliko yule anayejua kupiga kelele tu.

Neno la mwisho ni kwa watoto. Kobalti yetu iko ndani ya batri za telefone na za ordinatere nyingi ambazo mafundi wa programu wanatumia. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Lakini katika nyumba zetu ni watoto wangapi wanajua kuandika mistari ile sita ya depo? Wazazi wanasema kazi hii ni ya wana wa matajiri. Si kweli kabisa. Ordinatere ya okazi inahitajika, na kurani, na hayo ni magumu, hatutaficha. Lakini vyombo vyenyewe, mingi ni bure. Git ni bure. Vim, programu ya kuandikia ambayo mafundi wengi wanaipenda, ni bure pia. Bram Moolenaar, mutu wa Uholanzi, aliitoa mwaka 1991. Kisha akaenda kufanya kazi kule Kibaale, kusini ya Uganda, akaona watoto ambao SIDA ilichukua wazazi wao. Tangu pale, Vim ikifunguliwa, inaomba wenye kuitumia wasaidie watoto maskini wa Uganda. Alikufa mwaka 2023, na mafundi wa dunia yote walimulilia.

Mutoto anayetaka kuanza, tunamupa desturi ambazo mafundi wenyewe wanafuata. Andika kidogo, jaribu, kisha ongeza. Usiandike kurasa kumi na kujaribu mwishoni. Ordinatere ikikuonyesha kosa, usome maneno yake yote kabla ya kugusa kitu, juu mara nyingi mustari wenye shida umetajwa pale. Usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, hutajua ni kipi kilisaidia. Eleza shida yako kwa sauti kwa mutu mwingine. Wengi wanaona kosa lao katikati ya kueleza. Na andika programu sawa na vile mwenzako ataisoma kesho, kwa sababu atakayeisoma ni wewe mwenyewe, na utakuwa umesahau.

Lakini tusingoje watoto wakomae. Leo mangaribi, mama wa nyumba, chukua kaye na biki. Baba akitoka ku karieri, kabla ya kunawa na kula, muulize: mifuko ngapi, kilo ngapi, walitoa ngapi, teneri ngapi, bei ngapi, nani alipima. Andika na tarehe. Usirarue ukurasa, usifute kwa gomu. Fanya vile mwezi muzima, kisha mulinganishe na majirani wanaouza depo moja nanyi.

Siku mutakapoenda watu ishirini na kaye ishirini, kijana wa depo akisema tena «ni mashini njo inasema», mutaweza kumujibu kwa upole: muzuri, ndugu, tufungue tuone nani aliiandikia.